Maswali ya Wasomaji: Sanduku la Babu na Nyaraka za Umma

Safari hii barua nyingi zimegusa jambo moja, nalo ni nani aitunze historia ya mwambao na bara lake, na mwananchi wa kawaida aifikie kwa njia gani. Nimechagua sita. Majina ya walioandika nimeyaacha, kwa kuwa baadhi ya barua zinagusa siri za familia, ila nimebakiza mahali zilikotoka. Nilifanya kazi ya masjala, na baadaye ya nyaraka, kwa zaidi ya miaka thelathini kabla ya kustaafu, kwa hiyo wasomaji watanivumilia pale nitakaporefusha maneno juu ya vitu vidogo kama penseli na bahasha.

Swali: Shikamoo Bibi. Babu yetu mzaa baba amefariki na kutuachia sanduku la bati lililojaa karatasi. Baba yake alikuwa karani wa akida, yaani mtawala wa eneo aliyewekwa na serikali, wakati wa Mjerumani. Kuna barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo hapa nyumbani hakuna anayeziweza isipokuwa shangazi, naye husoma kwa kubahatisha. Kuna risiti za kodi, picha chache na daftari la hesabu za nazi. Baba mdogo anasema mwenye duka moja la vitu vya kale ametoa bei nzuri kwa picha na kwa barua zenye muhuri. Shangazi anasema karatasi za marehemu hazitoki nyumbani. Sisi vijana tungependa ziende serikalini, lakini tunaogopa zisije zikapotelea huko. Tufanye nini? (Pangani)

Jibu: Marahaba, mjukuu wangu. Kabla hamjaamua ziende wapi, nawaomba msizipange. Najua mikono inawawasha kuweka picha upande huu, barua upande ule, na risiti kwa kufuata miaka. Mpangilio alioacha babu, hata kama machoni penu ni fujo tupu, unaeleza kitu gani kilikwenda na kitu gani, na ukishavurugwa haurudi. Nilijifunza hili kwa aibu. Katika mwaka wangu wa pili kazini nilipokea kasha la mfanyabiashara wa majahazi, nikazitoa picha zote katika bahasha zake na kuziweka pamoja kwa kufuata ukubwa, zikapendeza kweli kweli. Wiki mbili baadaye mkuu wangu akaniuliza yule aliyesimama kando ya ngalawa ni nani. Jibu lilikuwa ndani ya barua iliyokuwa imeikunja picha ile, na kwa kuwa nilikwisha kutenganisha picha zaidi ya mia na barua zake, hakuna aliyeweza tena kusema ipi ilitoka wapi. Picha hiyo imehifadhiwa vizuri hadi leo, na maelezo yake ni maneno mawili tu: mtu asiyejulikana.

Basi lifungueni sanduku mchana, juu ya mkeka safi, kwa mikono mikavu. Lipigeni picha likiwa wazi kabla hamjagusa kitu. Kisha toeni kifungu kimoja kimoja, mkipe namba kwa penseli kwenye kipande cha karatasi kitakachokaa nacho, na muandike katika daftari kilikuwa wapi ndani ya sanduku, kina kurasa ngapi, na kimefungwa pamoja na nini. Barua iliyokunjwa kwa miaka themanini msiilazimishe kunyooka siku moja, kwani itakatika pale pale penye kunjo.

Shangazi yenu akae kando ya mkeka huo tangu mwanzo hadi mwisho, na lolote atakalolisema juu ya mtu au mahali liandikwe kama alivyolisema, pamoja na jina lake na tarehe. Msidharau kusoma kwake kwa kubahatisha. Katika maandishi yale ya zamani alama moja husimama badala ya i na e, nyingine badala ya u na o, na mara nyingi m iliyo mbele ya b haiandikwi kabisa, hata Mbuyuni na Buyuni zikawa neno moja machoni pa msomaji. Mtaalamu kutoka mbali atachagua mojawapo kwa kukisia. Shangazi anajua shamba la familia lilikuwa wapi.

Kuhusu duka, msimamo wangu ni mkali. Mnunuzi atachukua kilicho na muhuri na sura nzuri ya kutundikwa ukutani, na atawaachia daftari la nazi, ambalo kwangu mimi ndilo lenye uzito kuliko vyote sandukuni, kwa sababu humo mtakuta majina ya wakwezi, bei ya nazi mwezi baada ya mwezi, na nani alimkopa nani mwaka wa ukame. Daftari hilo likibaki peke yake, bila barua zinazoeleza mwenye nalo alikuwa nani, nusu ya maana yake imekwenda. Marehemu Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa pili wa Kenya, alikuwa na vitabu, barua na kazi za sanaa ambazo wanunuzi wa ng'ambo walizitamani. Miaka ya 1970 aliziuza kwa serikali ya nchi yake, na leo hii msomaji anaingia Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, Nairobi, na kukuta mkusanyo wenye vitabu 8,000 hivi vilivyochapishwa kabla ya 1900. Baba mdogo si Murumbi, nami najua kwamba ada za shule hazilipwi kwa sifa, lakini afikirie pia wajukuu zake watakwenda kuulizia wapi.

Hofu ya kupotelea serikalini si ya kipuuzi. Dawa yake ni kutokabidhi kitu bila hati ya makabidhiano iliyosainiwa na pande zote mbili, ikiwa na orodha ile ya daftari lenu kama kiambatisho. Hati hiyo iseme kama mnatoa zawadi, ambapo umiliki unahama, au mnaweka amana, ambapo karatasi zinabaki zenu na taasisi inazitunza na kuzifungua kwa wasomaji kwa masharti mliyokubaliana. Njia ya tatu ni kutoa nakala na kubaki na asili. Mlango wenu ni Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ambayo jengo lake la nyaraka liko Upanga, Dar es Salaam. Humo mna majalada ya utawala wa Kijerumani, ambayo UNESCO iliyaingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Majalada hayo yamepita mengi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza sehemu yake ilifukiwa ardhini ili yasiangukie mikononi mwa Waingereza, yakafukuliwa vita vilipokwisha. Ndani yake anayesema zaidi ni afisa wa Kijerumani. Kilichoandikwa na kupokewa na karani wa akida, akiwa nyumbani kwake Pangani, huenda hakimo, na hilo ndilo linalolifanya sanduku lenu liwe la maana kwa watu wasiokuwa wa ukoo wenu.

Kama ningekuwa mwanafamilia, ningependekeza mwaka huu karatasi zisitoke nyumbani, daftari likamilike shangazi akiwa hai na mwenye nguvu, nakala zitolewe, na suala la amana lirudi kwenye kikao cha ukoo baadaye. Shangazi akishaona majina ya wazee wake yameandikwa sawasawa, huenda akawa wa kwanza kukubali.

Swali: Bibi, mimi ni mwanafunzi wa chuo, mwaka wa tatu. Nilikwenda kwenye kituo kimoja cha nyaraka kutafuta habari za mgomo wa wafanyakazi wa bandari wa mwaka 1947. Nikajaza fomu, nikaambiwa nilete barua ya chuo, kisha nikapewa orodha ndefu yenye majina ya ofisi na miaka. Neno mgomo halimo. Niliondoka mikono mitupu. Kwa nini nyaraka za umma zina ugumu wa nyaraka za siri? (Mombasa)

Jibu: Barua na fomu zina sababu yake, kwa kuwa karatasi unayopewa ni moja tu duniani, na ikiondoka na mtu ni lazima ijulikane aliyeishika mwisho ni nani. Hata hivyo nakubaliana nawe kwamba mtu wa mapokezi angeweza kutumia dakika kumi kukueleza kile ambacho sasa nitakueleza mimi.

Nyaraka hazipangwi kwa mada kama vitabu vya maktaba. Hupangwa kwa kufuata ofisi iliyozizalisha, na ndani ya ofisi hufuata utaratibu wa masjala yake. Kwa hiyo usiulize jalada la mgomo liko wapi. Jiulize Januari 1947, makuli na wafanyakazi wa reli walipoweka kazi chini na Mombasa yote ikasimama, ni nani kazini mwake alilazimika kuandika. Mkuu wa Wilaya ya Mombasa aliandika, naye Mkuu wa Jimbo la Pwani akapokea. Idara ya Kazi iliandika kuhusu mishahara na kodi za nyumba, kwa sababu maisha yalikuwa yamepanda bei na mshahara haukutosha chumba. Polisi waliandika juu ya mikutano. Anza na ripoti za mwaka za wilaya na za jimbo, ambazo ni fupi na zinataja namba za majalada mengine, halafu fuata namba hizo. Ukilipata jalada, usikimbilie barua zilizopigwa chapa. Soma madokezo yaliyoandikwa kwa mkono mwanzoni mwake, ambapo maofisa walikuwa wakibishana wenyewe kwa wenyewe, maana katika madokezo utamkuta mmoja akikiri kwamba madai ya wafanyakazi ni ya haki, jambo ambalo barua rasmi haitalisema.

Suala la siri halikuhusu. Kwa sheria ya Kenya ya mwaka 1965, na vivyo hivyo kwa sheria ya Tanzania ya mwaka 2002, kwa kawaida nyaraka hufunguliwa zikitimiza miaka 30, na za 1947 zimekwisha kuvuka muda huo zamani. Rudi na barua yako, tena ukae siku mbili au tatu. Siku ya kwanza watu wengi huondoka na orodha tu.

Swali: Kwako dada mjibu maswali. Mimi ni mzee wa miaka sabini na mitano. Baba yangu aliwekwa kambini wakati wa Hali ya Hatari na hakuwahi kutueleza lolote. Nasikia karatasi za mambo yale ziko Uingereza. Kwa nini zipo huko, na je, tukiletewa nakala yatosha? (Murang'a)

Jibu: Mzee wangu, heshima nyingi. Nitaanza na linalojulikana kwa hakika. Hali ya Hatari ilitangazwa Kenya Oktoba 1952, dhidi ya Mau Mau. Uhuru ulipokaribia, serikali ya kikoloni ilipewa maelekezo ya kutoikabidhi serikali mpya karatasi ambazo zingeweza kuiaibisha Uingereza au kuwafichua waliokuwa wakiipa habari. Baadhi zilichomwa moto. Nyingine, majalada 1,500 hivi ndani ya masanduku 300 kwa upande wa Kenya, zilisafirishwa kwa ndege mwishoni mwa 1963. Zilikaa kimya kwa miaka karibu hamsini, na kwa muda mrefu wa kipindi hicho zilifichwa katika jengo la serikali lililoko Hanslope Park, kaskazini ya London, huku Kenya, iliyoanza kuzidai tangu miaka ya 1960, ikipewa majibu ya kuzungusha. Zilitoka hadharani mwaka 2011 kwa sababu wazee kama baba yako walikuwa wameishtaki serikali ya Uingereza jijini London, nayo ikabanwa ieleze ilichokuwa nacho. Juni 2013 serikali hiyo ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa jumla ya watu 5,228. Kwa maneno mengine, karatasi zilisaidia kuipeleka mbele kesi, na kesi ndiyo iliyozifungua karatasi, si za Kenya tu bali na za makoloni mengine 36.

Sasa ziko katika Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, ambako mtu yeyote mwenye kitambulisho anapewa kadi ya msomaji bure. Mjukuu anayesoma au kufanya kazi huko anaweza kukutafutia. Mpe jina kamili la baba pamoja na majina ya zamani aliyoitwa, lokesheni na kijiji, mwaka aliokamatwa, na kambi kama inajulikana. Bila lokesheni atazama katika majina yanayofanana. Na kabla ya London, mtume Nairobi, maana majalada ya wilaya hayakwenda yote.

Kuhusu nakala, jibu langu lina pande mbili. Kwa mtu anayetaka kujua baba yake alikuwa wapi, nakala iliyo safi yatosha kabisa, nami nisingetaka asubiri mazungumzo ya serikali mbili ndipo ajue. Kwa nchi haitoshi, kwa sababu anayekupigia nakala ndiye anayechagua ukurasa gani aupige na upi auache, na aliye na asili ndiye anayeamua lini kitu kifunguliwe. Tumeyaona hayo. Hata barua za Kiswahili za zamani kuliko zote tunazozijua, zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa herufi za Kiarabu, hazipo Kilwa wala Dar es Salaam, zipo Goa, India, kwa sababu Wareno ndio waliozipokea na kuzitunza.

Neno hilo la kuzitunza linanirudisha nyumbani, na hapa wenzangu wa kazi watanikasirikia. Wilaya moja niliyowahi kwenda kuikagua ilikuwa imehamia jengo jipya. Majalada ya kabla ya uhuru yaliachwa nyuma katika banda la pikipiki, mvua mbili zikapita, na nilipoyafungua kurasa zilikuwa zimegandamana kama mkate uliolowa. Hakuna mkoloni aliyeyachukua hayo. Dai la kurudishiwa ni haki yetu na lisilegezwe, lakini tuliendeshe huku tukionyesha rafu kavu na orodha iliyokamilika.

Swali: Shikamoo Bibi. Nikiwa natafuta habari za shamba la urithi, nilionyeshwa daftari la zamani la watumwa walioachwa huru. Nikakuta jina la mama yake bibi yangu, mbele yake jina la bwana wake, na pembeni pameandikwa Mnyasa. Kwetu tumeambiwa miaka yote kwamba asili yetu ni Shirazi, Uajemi. Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Je, daftari kama hilo liachwe wazi kwa kila mtu? Na niwaambie wazee? (Unguja)

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole. Nimewaona watu wazima wakilifunga daftari kama hilo polepole na kuomba maji ya kunywa.

Ujue kwanza kile ulichokisoma. Amri ya Aprili 1897, iliyotolewa na Sultani Hamoud bin Mohammed kwa shinikizo la Waingereza, haikumwacha huru kila mtumwa siku ile. Iliiondoa hali ya utumwa katika sheria, na aliyeutaka uhuru wake alipaswa kwenda mwenyewe kuuomba, huku bwana wake akilipwa fidia. Ndiyo maana jina la bwana limo: karani alikuwa akifanya hesabu ya fedha za bwana. Masuria hawakuguswa na amri ile. Wao walisubiri hadi 1909. Kwa hiyo ikiwa bibi yako yumo katika daftari la miaka ya mwanzo, kuna uwezekano mkubwa kwamba alifunga kanga yake, akatoka shambani, akaenda kusimama mbele ya ofisa na kusema anataka kuwa huru. Wengi hawakwenda. Na neno Mnyasa ni kile alichosikia karani, au alichoona kinatosha kuandika. Chukulia kwamba linaelekeza upande wa Ziwa Nyasa, usilichukulie kama cheti cha kuzaliwa.

Liachwe wazi? Ndiyo, na nasema hivyo nikijua linaumiza. Karatasi za Unguja zimejaa mabwana: barua za masultani, za mabalozi, za wafanyabiashara. Watu wa kawaida, hasa wanawake, tunawakuta mahali pachache, nako ni katika madaftari haya, katika mashauri ya kadhi, katika mirathi, na katika hati za wakfu, kwa kuwa baadhi ya matajiri waliweka wakfu nyumba na mashamba kwa ajili ya watu waliowaacha huru. Tukifunga madaftari kwa sababu ya aibu, tunamfuta tena mtu ambaye aliandikwa mara moja tu maishani mwake. Lakini kuwa wazi katika chumba cha kusomea, ambako mtu ametaja jina lake na anachokitafuta, si sawa na kupiga picha ukurasa na kuurusha mtandaoni ukiwa na majina ya koo ambazo wajukuu zake wanaishi mtaa wa pili. Hilo la pili silikubali, na kijana atakayelifanya kwa ajili ya kuchekesha watu anastahili kuzuiwa kuingia tena chumbani mle.

Kuhusu wazee, usiende na daftari. Nenda na maswali. Waulize bibi huyo alilelewa na nani, alikuwa akicheza ngoma gani, aliimba nini alipotwanga, aliapa kwa jina la nani. Katika nyumba nyingi habari hizi zinajulikana na watu wawili watatu, nao wananyamaza wakisubiri kuulizwa na mtu mwenye adabu. Kama hawataki, waache. Wewe andika ulichokisoma, weka na tarehe, na uwahifadhie wanao. Na kuhusu Shirazi, mtu ana mababu na mabibi wanane katika kizazi cha tatu; nafasi ya wote ipo.

Swali: Sisi ni kikundi cha vijana. Tumekusanya picha za zamani za mji wetu kutoka nyumba kwa nyumba, tumeziskani na kuziweka katika kundi la WhatsApp na ukurasa wetu wa mtandao. Watu wanafurahi sana. Mwenyekiti wetu anasema kazi ya kuhifadhi imekwisha. Ni kweli? (Lamu)

Jibu: Kazi ya kuwafurahisha watu imefanyika, nayo si ndogo, nawapongezeni. Ya kuhifadhi bado. WhatsApp huibana picha ili ipite haraka, na ikishabanwa huwezi kuikuza ukasoma jina la jahazi ubavuni mwake. Isitoshe, jina la faili linakuwa namba isiyo na maana, na baada ya miezi sita hakuna ajuaye picha ilitoka nyumba gani.

Mnao mfano pale pale mjini. Miswada ya Msikiti wa Riyadha, uliojengwa na Habib Saleh, ilipigwa picha ukurasa kwa ukurasa kwa mradi uliofadhiliwa kupitia Maktaba ya Uingereza. Nakala zikawekwa mtandaoni, na miswada yenyewe ikabaki Lamu. Kila mswada ulipewa maelezo: kichwa chake, aliyeunakili, mwaka, hali ya karatasi. Maelezo hayo huchukua muda mrefu kuliko kupiga picha, na ndiyo yanayomwezesha mtu aliye Muscat au Toronto kukipata anachokitaka. Kisha, Oktoba 2023, maktaba hiyo ya London ilivamiwa na wahalifu wa kimtandao, na kwa miezi mingi vitu vyake vya kidijitali havikuweza kufunguliwa. Aliyekuwa na nakala yake mahali pengine hakutikisika.

Basi rudini kwenye faili za asili, zile kubwa kabla hazijabanwa. Wekeni nakala tatu, moja kwa katibu, moja mtandaoni, na moja nje ya mji, labda makumbusho ya Lamu wakikubali kuipokea. Tengenezeni jedwali lenye namba ya picha, nyumba ilikotoka, aliyeileta, watu waliomo kwa kufuata safu kutoka kushoto, na nani aliyewatambua. Na muwaulize wenye picha kama wameridhia zionekane na dunia nzima, hasa zile za harusini, ambapo kina mama walipigwa wakiwa wenyewe kwa wenyewe wakiamini hazitatoka nje ya ua.

Swali: Hati ya shamba ya mwaka 1938 inaanza kuchanika na mchwa wameshaonja pembe. Kijana wa steshenari ameniambia aifanyie lamineshi. (Mtwara)

Jibu: Usikubali. Joto la mashine na gundi ya plastiki vikishaingia katika karatasi ya umri huo havitoki tena, na karatasi itaendelea kuwa ya kahawia ndani ya ganda lake bila mtu kuweza kuigusa. Selotepu nayo usiikaribishe. Iweke ndani ya bahasha ya karatasi nyeupe kavu, kisha katika kopo lenye mfuniko, juu ya rafu iliyo mbali na ukuta na sakafu, maana mchwa hupanda kwa njia ya udongo na utauona mstari wao mapema ukipanda mguu wa rafu. Majani makavu ya mwarobaini hayana ubaya yakikaa nje ya bahasha, ila yasiguse hati, kwani huacha doa. Mpelekee kijana wa steshenari nakala, aifanyie lamineshi hiyo, nawe uwe unaitumia hiyo kila unapotakiwa kuonyesha karatasi kwa mwenyekiti wa kijiji.